Kupunguza Dawa za Sonona Hatua kwa Hatua: Maana Yake na Sababu Zake

Kupunguza dawa za sonona hatua kwa hatua ni utaratibu ambao mtu aliyezitumia kwa miezi au miaka huteremsha dozi yake kidogo kidogo, kwa mpango aliouweka pamoja na mtaalamu wa afya, akiusubiri mwili utulie baada ya kila hatua kabla ya kuiendea inayofuata, mpaka aache kabisa au abaki kwenye dozi ndogo inayomtosha. Sonona ni ugonjwa ule ule ambao wengine, hasa nchini Kenya, huuita mfadhaiko au unyogovu. Dawa zake ni nyingi, na zinazopatikana zaidi katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki ni amitriptilini na fluoksetini, ambazo zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa wapo pia wanaoandikiwa setralini, sitalopramu, paroksetini au venlafaksini.

Kiswahili kina kitenzi kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko neno "kuacha", nacho ni kulikiza. Mama anayemlikiza mtoto anaweza kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto achukie ziwa siku hiyo hiyo, au anaweza kuanza na uji wa asubuhi, akaondoa nyonyo la mchana, kisha la jioni, na la usiku akaliacha liwe la mwisho. Njia zote mbili humwachisha mtoto, lakini nyumba inayotumia shubiri hukesha na kilio. Kukatiza dawa ya sonona ghafla kunafanana na ile shubiri, na watu wengi huipitia njia hiyo bila kujua kwamba ipo nyingine.

Sababu ya kupunguza polepole imo katika namna ubongo unavyoishi na dawa. Nyingi kati ya dawa hizi hukikamata kisafirishaji cha serotonini, yaani kile kijimlango kinachoirudisha kemikali hiyo ya kupitisha ujumbe ndani ya seli za neva baada ya kutumika, na kwa kukikamata huifanya serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli moja na nyingine. Ubongo haubaki kama ulivyokuwa. Kwa wiki na miezi hujirekebisha kulingana na hali hiyo mpya, na dawa ikiondolewa kwa siku moja marekebisho yale hubaki yakiegemea kitu ambacho hakipo tena. Hapo ndipo zinapozuka dalili za kuacha dawa: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, usingizi kukatika, ndoto kali, mwili kuuma kama wa mtu mwenye mafua, hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu, wasiwasi, na hisia ya ajabu ambayo wagonjwa huieleza kuwa ni kama cheche ya umeme inayopita kichwani, hasa macho yanapogeuzwa upande. Hisia hiyo ya mwisho huwatisha watu sana, kwa sababu hawajawahi kuipata kabla na hakuna aliyewaonya kuihusu.

Ni lazima jambo moja liwekwe wazi, kwa kuwa linawaumiza wengi na kuwafanya waione aibu dawa iliyowasaidia. Mwili kuizoea dawa si uraibu. Mraibu hutamani kitu, hukitafuta hata kinapomharibia maisha, na kila mara huhitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate raha ile ile. Anayetumia dawa ya sonona haendeshwi na tamaa ya namna hiyo. Kilichopo ni mazoea ya mwili yanayohitaji muda wa kufunguka. Jirani anayesema "hizo dawa zimekufanya teja" amekosea, na maneno yake yamewafanya watu watupe vidonge katikati ya matibabu.

Dalili hizi hazikugunduliwa jana. Imipramini, mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za sonona, ilielezwa na daktari Roland Kuhn wa Uswisi mwaka 1957, na haikuchukua muda mrefu madaktari wakaanza kuandika juu ya wagonjwa waliougua baada ya kuiacha. Hata hivyo, kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliendelea kusema kwamba dalili hizo ni nyepesi na huisha ndani ya wiki moja au mbili, na wagonjwa waliolalamika kwamba zao zimedumu kwa miezi hawakusikilizwa ipasavyo. Mwaka 2019 chuo cha kifalme cha madaktari wa akili cha Uingereza kilibadilisha msimamo wake na kukiri kwamba kwa baadhi ya watu dalili zinaweza kuwa kali na za muda mrefu. Nionavyo mimi, ungamo hilo lilichelewa mno.

Ni wangapi wanaozipata? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu 31 hivi kati ya 100 walioacha dawa walipata angalau dalili moja, lakini hata miongoni mwa walioacha vidonge visivyo na dawa ndani yake walikuwepo 17 kati ya 100. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa yenyewe. Dalili kali ziliwapata takriban 3 kati ya 100. Wengi wa waliochunguzwa katika tafiti za aina hii walikuwa wametumia dawa kwa muda usio mrefu, na hatari huongezeka kwa mtu aliyezitumia kwa miaka, kwa hiyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa ahadi kwa kila mtu.

Sasa tufike kwenye kiini cha dhana yenyewe, ambacho ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Akili ya kawaida husema kwamba mtu anayetumia miligramu 20 akishuka hadi 10 amemaliza nusu ya safari, na akitoka 10 hadi sifuri amemaliza nusu iliyobaki. Kwenye ubongo hesabu haiendi hivyo. Kwa sitalopramu, dozi ya miligramu 20 hukamata takriban asilimia 80 ya visafirishaji vya serotonini. Ikishushwa hadi miligramu 9 hivi, zaidi ya nusu ya dawa imeondolewa, lakini visafirishaji vilivyokamatwa bado ni asilimia 70. Ili kufika asilimia 50 dozi hubidi ishuke hadi karibu miligramu 3.4, na hata chini ya miligramu moja dawa bado hukamata asilimia 20. Kwa maneno mengine, kutoka 20 hadi 9 ubongo unapoteza sehemu ndogo tu, ilhali kutoka miligramu tatu na kidogo hadi sifuri unapoteza nusu nzima kwa mkupuo. Miligramu za mwisho, zile zinazoonekana kuwa chache mno kiasi cha kutojali, ndizo nzito kuliko zote.

Hii ndiyo sababu watu wengi husimulia kwamba walishuka bila shida yoyote mpaka kidonge cha nusu, wakafurahi, wakaacha kabisa, na wiki iliyofuata wakaanguka. Mwongozo wa taasisi ya Uingereza inayosimamia viwango vya tiba, uliotolewa mwaka 2022, unashauri kwamba kila punguzo lipimwe kwa uwiano wa dozi iliyotangulia, kwa mfano nusu yake mwanzoni, kisha robo yake kadiri dozi inavyozidi kuwa ndogo, na kwamba dawa ya maji itumike pale ambapo vidonge haviwezi kugawanywa kwa udogo unaotakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na madaktari bingwa unasema dozi ishushwe kwa angalau wiki nne. Wiki nne ni kiwango cha chini. Aliyetumia dawa kwa miaka mitano anaweza kuhitaji miezi mingi, na hilo halimaanishi kwamba yeye ni dhaifu.

Dawa zenyewe nazo hazilingani. Fluoksetini hutoka mwilini polepole sana, kwani yenyewe na zao lake, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana nayo, huendelea kuwepo kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo hujipunguza yenyewe kwa namna fulani, ingawa dalili zinaweza kuchelewa na kumkuta mtu ameshasahau kwamba aliacha dawa. Venlafaksini hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hivi, na zao lake ndani ya saa 11 hivi. Anayeitumia huweza kuhisi tofauti kwa kuchelewa dozi moja tu. Kwa dawa zinazotoka haraka, ile mbinu ya kunywa leo na kuruka kesho haifai, kwa sababu ubongo hupandishwa na kushushwa kila siku. Zipo pia tembe na kapsuli zilizotengenezwa zitoe dawa taratibu, ambazo hazipaswi kusagwa wala kutafunwa, na mfamasia ndiye wa kuulizwa kabla ya kuchukua kisu.

Swali gumu kuliko yote, kwa mgonjwa na hata kwa daktari, ni kutambua kama kinachotokea ni dalili za kuacha dawa au ni sonona inayorudi. Zinafanana kwa machozi, wasiwasi na kukosa usingizi. Zinatofautiana kwa wakati, kwa sura na kwa jibu. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza siku chache baada ya dozi kushushwa, huja na mambo ya mwili ambayo mtu hakuwa nayo alipougua mara ya kwanza, kama vile kizunguzungu na zile cheche za kichwani, na dozi ikirudishwa ilipokuwa hupoa upesi, mara nyingi ndani ya siku chache. Sonona inayorudi huja polepole, baada ya wiki au miezi, ikiwa na sura ile ile mgonjwa aliyoifahamu: kukosa hamu, kujiona hana thamani, kuamka alfajiri akiwa mzito. Tofauti hii isipozingatiwa, mtu huambiwa kwamba ugonjwa umerudi na kwamba atahitaji dawa maisha yake yote, kumbe aliteremshwa haraka kupita kiasi.

Lakini sonona hurudi kweli, na kulificha hilo ni kumdanganya msomaji. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 478 waliojiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Miongoni mwa walioendelea na dawa, asilimia 39 walirudiwa na ugonjwa, na miongoni mwa walioachishwa, asilimia 56. Wapo basi wanaofanya vyema kuendelea na dawa, hasa waliougua mara nyingi au waliowahi kufikiria kujiua, na uamuzi wao unastahili heshima ile ile. Kwa wengine, wakati unaofaa ni baada ya kukaa bila dalili kwa miezi 9 hadi 12, maisha yakiwa yametulia kiasi, si katikati ya msiba, talaka au kupoteza kazi.

Msaada katika utaratibu huu si pambo. Mwaka 2015 huko huko Uingereza ilichapishwa tafiti iliyohusisha watu 424 waliokuwa wamepata sonona mara tatu au zaidi. Kundi moja liliendelea na dawa. Kundi lingine lilifundishwa, katika vikundi vya kila wiki, kuyatazama mawazo yao bila kuchukuliwa nayo, huku wakisaidiwa kupunguza dawa. Baada ya miaka miwili waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 44 katika kundi la mafunzo na asilimia 47 katika kundi la dawa. Msaada ulifanya kazi ambayo dawa ilikuwa ikiifanya.

Katika mazingira yetu msaada huo huanzia kwa daktari au muuguzi wa afya ya akili anayeipanga ratiba, ukaendelea kwa mshauri nasaha akipatikana, na ukakamilishwa na mtu mmoja wa nyumbani anayejua kinachoendelea. Huyo wa nyumbani ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeona kabla ya mgonjwa mwenyewe kwamba mama ameacha kupika au kaka ameacha kujibu simu. Wakati wa kizunguzungu, anayeendesha bodaboda au anayepanda mnazi apumzike kazi hiyo kwa siku chache, na hilo haliwezekani kama familia haijaambiwa.

Yapo pia mazingira ambamo mtu hushtukia ameacha bila kuamua. Dawa imeisha kituoni, nauli ya kwenda mjini haipo, au mama amegundua ana mimba akatupa vidonge kwa hofu. Mjamzito asikatize ghafla bali aende kliniki, kwa sababu sonona isiyotibiwa nayo ina madhara kwake na kwa mtoto. Mfungaji wa Ramadhani hana haja ya kuacha, kwani dawa nyingi kati ya hizi hunywewa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku baada ya kumwuliza aliyeziandika. Na aliyeambiwa kwenye maombi kwamba amepona anaweza kumshukuru Mungu na bado akashusha dozi kwa ratiba.

Ikitokea hatua moja imekuwa nzito, mtu hurudi kwenye dozi iliyotangulia, akakaa hapo mpaka atulie, kisha akajaribu tena kwa punguzo dogo zaidi. Yakija mawazo ya kujidhuru, hapo hakuna kusubiri miadi, bali mtu aelekee hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mwenzake. Katika safari yote hii daftari dogo linasaidia sana: tarehe, dozi, usingizi wa saa ngapi, hali ya moyo kwa neno moja. Daftari hilo lisifungwe siku ya kidonge cha mwisho, maana miezi sita inayofuata ndiyo ambayo daktari na mtu wa nyumbani watahitaji zaidi kuisoma.