Kulifanya eneokazi la GNOME kuwa jeusi kote

Umechagua Dark kwenye Settings ya GNOME (eneokazi la Linux), programu moja ikatii na ya pili bado inakumulika machoni. Hakuna kilichoharibika: kila familia ya programu husoma rangi mahali pake.

Tangu GNOME 42 ya mwaka 2022, swichi ile huandika mpangilio huu tu:

gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme 'prefer-dark'

Programu za libadwaita (maktaba ya muonekano ya programu mpya za GNOME) huufuata. Nyingi za GTK3, zana ya zamani zaidi ya kuundia madirisha, hazina habari nao. Zenyewe hutazama jina la mandhari (theme). Kwenye Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux:

sudo dnf install adw-gtk3-theme
gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-theme 'adw-gtk3-dark'

Programu za Flatpak, yaani zinazosakinishwa zikiwa zimetengwa na mfumo, hazioni folda za mandhari za mfumo, kwa hiyo ziletee nakala yao:

flatpak install flathub org.gtk.Gtk3theme.adw-gtk3-dark

Kwa programu za Qt 6, zana nyingine ya kuundia madirisha, sakinisha qt6ct (programu ya kupanga muonekano wake), andika QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt6ct ndani ya /etc/environment, toka kwenye akaunti uingie upya, kisha ndani ya qt6ct chagua mtindo wa Fusion na rangi za darker.

Tafadhali usiweke GTK_THEME kwenye faili hilo, hata kama miongozo mingi inashauri hivyo. Kigezo hicho ni cha majaribio ya watengenezaji. Kikibaki humo, huiondolea libadwaita mandhari yake, na vitufe na pembe za madirisha huvurugika.

Hadi hapa una kijivu kizito. Ukitaka weusi wa makaa, unda ~/.config/gtk-4.0/gtk.css:

@define-color window_bg_color #000000;
@define-color view_bg_color #000000;
@define-color headerbar_bg_color #000000;
@define-color sidebar_bg_color #000000;
@define-color popover_bg_color #121212;
@define-color dialog_bg_color #121212;

Nakili faili hilo kwenye ~/.config/gtk-3.0 pia, kwa kuwa adw-gtk3 hutumia majina hayohayo. Menyu nimeziachia #121212 makusudi: zikiwa nyeusi tii juu ya dirisha jeusi, ukingo wake hupotea. Weusi huu huokoa umeme kwenye kioo cha OLED. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile.

Angalizo kubwa: gtk.css haijali kama uko Dark au Light. Ukirudi Light, maandishi yanakuwa meusi juu ya weusi na husomi kitu. Kabla ya kubadili, lipe faili jina jingine katika folda zote mbili, kisha funga programu na uzifungue upya:

mv ~/.config/gtk-4.0/gtk.css ~/.config/gtk-4.0/gtk.css.zima
mv ~/.config/gtk-3.0/gtk.css ~/.config/gtk-3.0/gtk.css.zima