Malipo Yamerudi? Soma Msimbo Kabla Hujatuma Tena

Kila msimu wa wageni unapokaribia, dawati letu la malipo hapa Arusha hupokea lalamiko lilelile: "Simu iliniambia muamala umefanikiwa, leo hela imerudi. Benki mmefanya nini?" Ujumbe ule unathibitisha kwamba akaunti yako imekatwa na agizo limetoka. Hausemi kwamba uliyemtumia amepokea. Tumelieleza hili kaunta mpaka sauti zimekauka.

Malipo yakirudi, huja na msimbo. Benki nyingi sasa zinatumia misimbo ya ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa malipo kati ya benki. AM04 ni salio halikutosha, hivyo anayetakiwa kushughulika ni mlipaji. AC04 ni akaunti iliyofungwa na AC06 ni akaunti iliyozuiwa. Hapo aulizwe mpokeaji na benki yake. Afisa wetu hana uwezo wa kufungua akaunti ya benki nyingine, hata umgongee meza. MS03 maana yake sababu haikutajwa, na kwa msimbo huo tu ndipo una haki ya kutubana tukaulize.

AC01, namba ya akaunti isiyo sahihi, ndiyo inayotuchosha. Mhasibu wa kampuni ya utalii anaandaa malipo ya wapagazi kwenye Excel. Namba ya akaunti inaanza na sifuri. Excel inaichukulia kama kiasi na kuidondosha ile sifuri. Majina yako sawa, fedha iko sawa, namba imepungua tarakimu moja, malipo yanarudi. Wapagazi wameshashuka mlimani, wanasubiri, na lawama inaletwa kwetu. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza namba. Ukiibadilisha baadaye, sifuri iliyopotea hairudi.

Tafadhali usitume mara ya pili kwa kubahatisha. Kama agizo la kwanza bado liko njiani, la pili linaweza kukataliwa kwa AM05, yaani limejirudia, au yote mawili yakapita.

Fedha ikiingia kwenye akaunti hai ya mtu mwingine, usitegemee irudi yenyewe. Leta barua ya maombi yenye namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe, kiasi na akaunti zote mbili, isainiwe na waidhinishaji walewale walio kwenye fomu ya akaunti, si mdogo wake mkurugenzi. Sisi tutaiandikia benki iliyopokea, nayo kwa kawaida itatafuta ridhaa ya mteja wake. Hilo ni ombi, si amri. Malipo ya nje yakirejeshwa, kiasi kinaweza kupungua kwa ada za benki za kati (zile zinazopitisha malipo njiani) na tofauti ya viwango vya kubadilishia fedha.

Kampuni zenye akaunti Marekani zinazokata fedha moja kwa moja kwa wageni wa huko zitakutana na misimbo mingine: R01 salio halitoshi, R02 akaunti imefungwa, R03 akaunti haikupatikana. Hiyo kwa kawaida hurudi ndani ya siku 2 za kazi za benki. R10 ni mwenye akaunti kudai hakuidhinisha makato, na kwa akaunti binafsi inaweza kuja hadi siku 60 baadaye, mgeni akiwa ameshaona tembo wote wa Tarangire na kuruka kutoka uwanja wa ndege wa KIA kurudi kwao. Tunzeni idhini yake ya maandishi, maana benki yenu ya kule inaweza kuidai.