Mche wa mgomba wa chupa ni safi, lakini hauna kinga

Wakulima wengi wa migomba hupata mbegu kwa jirani: unachimbua chipukizi, unalibeba begani, unakwenda kupanda. Kwa njia hiyo mashamba ya Kagera, Kilimanjaro na Rungwe yamerithishwa vizazi na vizazi. Ila fukusi, minyoo ya mizizi na vimelea vya mnyauko husafiri humo humo. Mnyauko bakteria uligundulika Uganda mwaka 2001; kufikia 2006 ulikuwa umeshaingia Kagera.

Mche wa chupa, yaani unaokuzwa maabara ndani ya chupa, hukata mnyororo huo. Chipukizi humenywa ganda baada ya ganda mpaka kibaki kiini cheupe, kidogo kuliko ncha ya kidole. Huoshwa kwa dawa yenye klorini, kisha huwekwa kwenye chupa yenye sukari, madini, vitamini na homoni, vyote vikiwa vimegandishwa kwa agari (kigandisho kitokanacho na mwani) na kupikwa kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Ukungu ukipenya, chupa hiyo hutupwa. Kila baada ya wiki nne hivi machipukizi hugawanywa, na kiini kimoja huweza kutoa mamia ya miche. Kugawanya huko kuna kikomo: ukizidisha, huanza kujitokeza miche iliyodumaa au yenye majani ya mabaka.

Jambo moja nasisitiza. Kumenya na kuosha hakuondoi virusi. Kama mgomba mama haukupimwa, maabara itakuzalishia ugonjwa kwa wingi. Muulize muuzaji kama mgomba mama ulipimwa kabla hujalipa.

Miche ikitoka chupani ni laini mno na mizizi yake haijawahi kugusa udongo. Hukaa kitaluni chini ya kivuli chenye unyevu, ikizoeshwa jua kidogo kidogo, kwa miezi miwili hadi mitatu. Usikubali kuuziwa mche usiofika futi moja.

Shambani, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda mvua zinapoanza. Mche huu ni safi lakini hauna kinga, hivyo palipokufa migomba kwa mnyauko fusari pasipandwe tena aina zinazoshambuliwa, kwani kuvu wake hudumu ardhini miaka mingi. Panga pia lipitishwe kwenye moto au jiki kila unapohama shina.

Mgomba wa chupa huchipua sana. Punguza mapema, kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, la sivyo mikungu itakuwa midogo.