Base64 si kufuli

"Weka nenosiri kwenye Secret ya Kubernetes, lisukume Git bila wasiwasi, limeshafichwa." Ujumbe huu haukomi kuzunguka katika magrupu ya WhatsApp ya waunda programu hapa Mombasa, hasa mtu anapoanza kuunganisha hazina yake ya Git (ghala la msimbo linalotunza kila badiliko) na klasta, yaani kundi la kompyuta linaloendeshwa na Kubernetes, kupitia zana kama Argo CD au Flux. Si kweli.

Zile herufi zilizovurugika unazoziona ndani ya Secret, sehemu ya Kubernetes ya kuwekea siri, ni base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Haina ufunguo wowote. Jaribu mwenyewe kwenye Linux: andika echo YmFuZGFyaQ== | base64 -d na neno "bandari" litatokea papo hapo. Kinachowachanganya watu ni jina lenyewe, Secret, na yale maandishi yasiyosomeka kwa macho. Nawaelewa kabisa.

Zana za kusimba kweli, yaani kufunga data kwa ufunguo, kabla ya kuisukuma (kuipeleka) Git zipo, kama Sealed Secrets na SOPS. Aliyekwisha kusukuma asitegemee kufuta faili, maana Git hutunza historia. Abadilishe nenosiri leo. Na ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyeuleta ile amri moja, aiendeshe mwenyewe.