Je, wajua kwa nini nywele za Goku hugeuka kuwa za dhahabu?

Hata asiyefuatilia katuni za Kijapani huenda amewahi kuiona picha hii: Goku wa Dragon Ball, kijana wa nywele nyeusi zilizochongoka kama miiba, anamshuhudia adui yake Freeza akimuua rafiki yake Krillin. Hasira inampanda, ardhi inatetemeka, na nywele zile zinasimama wima na kuwaka rangi ya dhahabu. Amekuwa Super Saiyan, umbo lake jipya lenye nguvu zaidi, kwa mara ya kwanza. Tukio hilo lilichapishwa mwaka 1991 katika jarida la kila wiki la Shonen Jump, na tangu hapo mashabiki wamelitafutia maana kila upande, kuanzia ishara ya jua mpaka ya uungu. Jibu la Akira Toriyama, mtu aliyemchora, lilikuwa fupi kuliko hayo yote. Alitaka kupunguza kazi ya kujaza wino.

Manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, nyingi huchapishwa kwa wino mweusi kwenye karatasi hafifu. Rangi huja kwenye jalada na katika kurasa chache za heshima, basi. Kwa hiyo nywele nyeusi za Goku zilikuwa kazi ya mikono hasa: Toriyama anachora mstari wa nje, kisha msaidizi wake anajaza weusi ndani, ncha moja baada ya nyingine, huku akiacha vijistari vyembamba vya mwanga ili kichwa kisigeuke doa. Afanye hivyo katika kila kisanduku anachoonekana Goku. Na Goku ndiye mhusika mkuu, haponi ukurasa. Hesabu kurasa kama 15 kila wiki, kuanzia mwishoni mwa 1984, utaona wino ulivyokula saa za watu. Goku alipokuwa Super Saiyan, ndani ya mstari ule pakaachwa peupe. Dhahabu ilikuja kwenye majalada, kurasa za rangi na filamu za televisheni.

Mimi naona uzuri wa uamuzi huo hauko kwenye saa zilizookolewa tu. Msomaji aliyezoea weusi ule kwa zaidi ya miaka sita alifungua ukurasa akakuta weupe mtupu mahali penye wino mwingi kuliko pote, akajua papo hapo, kabla hajasoma neno, kwamba mtu huyu amebadilika. Macho nayo yalibadilishwa. Toriyama alisema mtazamo mkali wa Super Saiyan aliuchukua kwa Bruce Lee, yale macho yake ya kumkazia adui mpaka agande. Nywele nyeupe, macho makali, umbo lilelile. Hakuongeza pembe wala silaha wala vazi jipya.

Mtazame na Freeza katika pambano hilohilo. Anaanza akiwa mdogo mwenye pembe, amekaa kwenye chombo chake kinachoelea. Anabadilika kuwa jitu, kisha anakuwa kiumbe wa kutisha mwenye kichwa kirefu na miiba mgongoni. Mchoraji mwingine angeendelea kurundika: meno zaidi, mabawa, magamba. Umbo la mwisho la Freeza, lile la nguvu kuliko yote, ni kiwiliwili laini, kifupi, kisicho na pembe, karibu hakina kitu. Ndilo linaloogopesha kuliko yote. Hata sayari wanayopigania, Namek, ni nyasi, maji na miti michache yenye vichwa vya mviringo. Toriyama alieleza kwamba alipenda kulipua miji mapema katika mapigano kwa sababu kuchora majengo kulimchosha. Wasomaji nao walipata uwanja mtupu ambamo kila ngumi inaonekana imetoka wapi na imetua wapi. Mapigano mengi ya manga humpoteza msomaji katikati ya mistari. Ya Toriyama mtoto wa miaka minane anayafuata bila kuuliza.

Jicho hilo hakulipatia kwenye manga. Alizaliwa mkoa wa Aichi mwaka 1955, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mabango katika kampuni ya matangazo mjini Nagoya. Bango lisipoeleweka kwa mpita njia, limekufa. Aliacha kazi hiyo, akaishiwa fedha, akatuma michoro kwenye shindano la Jump. Hakushinda, lakini mhariri kijana Kazuhiko Torishima aliona kitu ndani yake. Hadithi yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1978 na haikuvuma. Kilichofuata ni shule ngumu: Toriyama anachora, Torishima anakataa, na inasimuliwa kwamba kurasa zilizotupwa zilifika mamia. Mwaka 1980 ikatoka manga yake Dr. Slump. Toriyama alitaka profesa awe mhusika mkuu. Torishima akashikilia kwamba awe roboti wa kike, Arale. Mhariri alikuwa sahihi, na Japani nzima ikampenda mtoto yule wa miwani mikubwa. Toriyama alilipiza kwa kumchora Torishima kama mwanasayansi mwovu, Dr. Mashirito.

Wahariri waliendelea kumsukuma hata baada ya kupata jina. Alipowaleta maadui wapya katika Dragon Ball, roboti mmoja mzee na mwingine mnene, Torishima, ambaye wakati huo hakuwa tena mhariri wake, alilalamika. Wakazaliwa roboti namba 17 na 18, kijana na binti wenye sura nzuri. Torishima akaona hao nao ni watoto tu. Akazaliwa adui mwingine, Cell. Mhariri aliyekuwapo akamwona Cell naye mbaya wa sura, ikabidi abadilike hatua kwa hatua mpaka apendeze. Msomaji wa kawaida anadhani yote yalipangwa tangu mwanzo. Yalichorwa wiki kwa wiki, simu zikiingia.

Kipaji hichohicho ndicho kilichowavuta watengenezaji wa gemu. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ilitoa gemu ya Dragon Quest, na mtunzi wake, Yuji Horii, alikuwa amemchorea Toriyama adui mdogo wa kuanzia: rundo la ute tu. Toriyama akamrudishia tone la buluu lenye macho mawili ya mviringo na tabasamu pana. Kwenye skrini za wakati huo, zenye vidoti vya kuhesabika, tone lile lilionekana vizuri kabisa, na likawa nembo ya mfululizo wote. Aliendelea kuwasanifu wahusika wa Dragon Quest kwa zaidi ya miaka 30, na gemu ya Chrono Trigger ya 1995 pia ina mkono wake.

Mwaka huohuo wa 1995 Dragon Ball ilimalizika, sura 519 katika vitabu 42. Jump ilikuwa imetoka kufikia kilele chake cha nakala milioni 6.53 kwa toleo moja, na mauzo yake yakaanza kushuka.

Toriyama alirudi kwa Goku miaka mingi baadaye, safari hii kupitia sinema. Katika filamu ya 2013 alimpa nywele nyekundu, na katika ya 2015 za buluu. Hizo ni rangi ambazo asingeweza kuzitumia mwaka 1991, kwa sababu kwenye karatasi ya Jump nyekundu na buluu zingetoka sawasawa. Alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 68. Oktoba ya mwaka huo ikaanza kurushwa katuni ya televisheni Dragon Ball Daima, ambayo hadithi na wahusika wake alikuwa amevibuni mwenyewe.