Mnada wa korosho ndani ya darasa la uchumi

Nafundisha uchumi Kidato cha Tano na cha Sita hapa Newala, mkoani Mtwara, na kila Julai napokea wanafunzi ambao tayari wana maelezo yao kuhusu bei. Msemo wa huku ni kwamba "bei imetoka", kama vile majina ya waliochaguliwa kujiunga na shule yanavyotoka. Mwanafunzi aliyekulia chini ya mikorosho anajua kupalilia, kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga na kupanga foleni kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, lakini ukimwuliza kwa nini kilo imeuzwa kwa bei hii na si nyingine, atakujibu kwamba wakubwa wameamua. Kwa miaka kadhaa nilijaribu kuliondoa jibu hilo kwa kuchora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji na mmoja wa ugavi. Wanafunzi waliichora vizuri katika mitihani, kisha wakatoka nje na kuendelea kusema kwamba bei imetoka.

Siku hizi sichori kwanza. Mwezi Oktoba, minada inapoanza na kila nyumba inazungumzia korosho, nakata karatasi za manila na kutengeneza kadi 24. Kadi 12 ni za wakulima, na kila moja imeandikwa gharama ya kuzalisha kilo moja, kuanzia shilingi 1,000, 1,200, 1,400 na kuendelea hadi 3,200. Kadi 12 nyingine ni za wanunuzi, kila moja ikiwa na kiwango cha juu kabisa ambacho mwenye kadi anaweza kulipa, kuanzia 3,600 na kushuka kwa mia mbili mbili hadi 1,400. Mkulima haruhusiwi kuuza chini ya gharama yake, mnunuzi haruhusiwi kuvuka kiwango chake, na hakuna anayemwonyesha mwenzake kadi. Darasa likiwa na wanafunzi 48, wawili wanashika kadi moja na kushauriana, jambo ambalo kwa kweli linawasaidia wale wasiopenda kupaza sauti. Korosho zenyewe siziingizi darasani, kwa sababu ganda bichi lina mafuta yanayochoma ngozi, kadi zinatosha.

Mzunguko wa kwanza ni wa kunong'ona. Mkulima anatembea, anamfuata mnunuzi mmoja, wanapatana pembeni, kisha wanakuja kunitajia bei ambayo naiandika kwenye daftari langu bila kuitangaza. Bei zinatawanyika sana: kilo moja inauzwa 1,300 karibu na dirisha, na nyingine 3,100 karibu na mlango, dakika ileile. Idadi ya mauzo nayo huwa kubwa, tisa au kumi, na wanafunzi hufurahi wakidhani kwamba soko limefanya kazi vizuri kwa sababu wengi wameuza.

Hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi. Nachukua mauzo mawili kutoka kwenye daftari na kuyaweka ubaoni. Mkulima mwenye gharama ya 1,000 amemwuzia mnunuzi mwenye kiwango cha 1,800. Mkulima mwenye gharama ya 3,000 amemwuzia mnunuzi mwenye kiwango cha 3,600. Faida ya pamoja, yaani kiwango cha mnunuzi ukitoa gharama ya mkulima, katika mauzo ya kwanza ni 800, katika ya pili ni 600, jumla 1,400. Kisha nauliza ingekuwaje iwapo yule wa 1,000 angekutana na yule wa 3,600, na wale wengine wawili wasiuze wala wasinunue kabisa. Faida ingekuwa 2,600 kwa mauzo moja tu. Ukimya unaofuata naupenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa kuwa wanafunzi wanaanza kuona kwamba mauzo mengi si lazima yawe soko bora, na kwamba mtu anaweza kuuza kwa faida bila kujua kwamba hatua kumi kutoka pale alipo kulikuwa na bei mara mbili ya ile aliyopokea.

Katika mzunguko wa pili kadi ni zilezile, lakini kila anayetaka kununua au kuuza anataja bei yake kwa sauti, nami naiandika ubaoni ili wote waione. Tunaurudia mara tatu. Kufikia mara ya tatu, bei zinakusanyika kati ya 2,200 na 2,400, mauzo yanakuwa saba, na faida ya darasa zima inakaribia shilingi 9,800, ambayo ndiyo ya juu kabisa inayowezekana kwa kadi hizo. Hakuna aliyepanga bei hiyo, na hata mimi mwalimu sikuitaja. Sasa ndipo nachora mistari miwili, nikizipanga gharama za wakulima kwa kupanda na viwango vya wanunuzi kwa kushuka, na mistari inakatana palepale walipofika wenyewe. Ufafanuzi wa mahitaji, ugavi na bei ya msawazo, yaani bei ya pale mistari inapokatana, unachukua dakika kumi, kwa kuwa wanafunzi wanapewa tu majina ya mambo waliyokwisha kuyafanya.

Tofauti kati ya mizunguko hiyo miwili ina historia yake. Mwaka 1948 Edward Chamberlin, mwalimu wa Harvard, alichapisha matokeo ya soko aliloendesha na wanafunzi wake, waliozunguka chumbani na kupatana wawili wawili. Bei zilitofautiana na nadharia, na mauzo yalizidi. Vernon Smith, ambaye alikuwa mmoja wa wanafunzi walioshiriki masoko hayo, alianza mwaka 1956 kuendesha soko lake katika chuo cha Purdue, akabadilisha mambo mawili: bei zitajwe hadharani, na soko lirudiwe na watu walewale. Bei zikatulia. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1962, na mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Daniel Kahneman. Nawaeleza wanafunzi habari hii baada ya mchezo, kwa sababu Newala wanaijua tofauti hiyo kwa majina mengine. Mapatano ya pembeni ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambao mara nyingi hupimwa kwa bakuli badala ya mizani. Bei ya hadharani ni mnada wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, na mzigo unauzwa kwa mnada, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, na ambao miaka ya karibuni umeendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania.

Bei elekezi, yaani bei ya chini iliyopangwa, naipitia haraka. Natangaza kwamba hakuna kuuza chini ya 3,000, na papo hapo wakulima 11 wanataka kuuza huku wanunuzi wakibaki wanne. Kilo saba zinabaki, na darasa linaniuliza nani atazinunua. Tunakumbuka mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za mnada na Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na tunajadili fedha, maghala na wabanguaji vilivyohitajika.

Mzunguko ambao sikuwa nao mwanzoni ulitokana na swali la msichana mmoja: ikiwa mnada una bei nzuri na kila mtu anajua, kwa nini nyumbani kwao bado wanauza kangomba? Swali lake lilinionyesha kwamba mchezo wangu ulikuwa na pengo, kwa kuwa kila mkulima wa darasani aliweza kusubiri. Sasa wakulima watatu wenye gharama ndogo wanapata kadi yenye doa jekundu, inayomaanisha kwamba ni mwezi wa Mei, mikorosho haijatoa hata ua, na kuna mgonjwa au ada inayodaiwa. Wanalazimika kuuza kabla ya wengine kuingia, mbele ya wanunuzi wawili tu. Bei ya 2,300 wanaijua, imeandikwa ubaoni, lakini wanauza kwa 1,500 na chini ya hapo.

Kisha naruhusu mkopo, na kazi inayobaki ni yao. Mkulima anayeuza leo kwa 1,500 kilo anayotarajia kuiuza 2,300 baada ya miezi mitano amelipa 800 ili apate 1,500 mapema, sawa na riba ya zaidi ya asilimia 53 kwa miezi hiyo mitano. Mwaka jana makundi mawili yalibishana hadi kengele ikalia: kundi moja lilisema chama cha msingi kikikopesha kwa asilimia 20 hakuna atakayeuza kangomba, na jingine likauliza chama kitafanya nini mwaka ambao mvua itanyesha wakati wa maua na kilo zilizoahidiwa zisipatikane. Kundi la pili lilirudi kesho yake na kadi mpya walizozikata wenyewe, zikiwa na msimu mzuri na msimu mbaya, wakaomba kipindi kizima.