Thamani ya kuuzia ya bunduki ya kale ya kijeshi hupimwa vipi?

Thamani ya kuuzia ya bunduki ya kale ni pesa ambazo mnunuzi aliyeruhusiwa na sheria angelipa leo kwa bunduki hiyo hiyo, katika hali iliyo nayo, pamoja na karatasi zake. Bei ambayo babu aliinunulia miaka ya hamsini haiingii kwenye hesabu hii, na chuma hakipandi bei kwa kuzeeka tu.

Swali hili huulizwa Bonde la Ufa na Magharibi mwa Kenya kuliko mtu anavyoweza kudhani. Njoro, Molo, Subukia na Trans Nzoia zilikuwa nchi ya walowezi, na kwenye mashamba yale bunduki ya .303 (namba ya kipenyo cha mtutu kwa inchi) ilikuwa chombo cha kazi, cha kulinda mifugo na cha kuwindia. Kisha kuna Mark 4, ambayo mtu yeyote mwenye umri wa kutosha aliwahi kuiona begani mwa askari wa utawala akiandamana na chifu. Zote mbili ni za ukoo mmoja, Lee-Enfield ya Uingereza. Iliyotangulia, Mark III, ilianza kutumika jeshini mwaka 1907. Mark 4 ilikuja na Vita Vikuu vya Pili.

Kabla ya kugusa ubao au chuma, tuanze na karatasi. Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bunduki ya .303 inayofyatua ni silaha mbele ya sheria hiyo hata kama ilitengenezwa 1917, na anayekaa nayo lazima awe na cheti. Cheti hicho ni cha mtu binafsi, hakirithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Mwenye leseni akifariki, familia inapaswa kuipeleka bunduki kituo cha polisi, ielezwe, iandikwe, ndipo ijulikane kama kuna mrithi anayeweza kuomba cheti chake mwenyewe au kama itauzwa kupitia mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Bunduki isiyo na karatasi haina thamani ya kuuzia hata shilingi moja, kwa sababu hakuna anayeweza kuinunua bila kuvunja sheria. Novemba 2016 silaha 5,250 zilichomwa moto Ngong mbele ya umma. Bunduki iliyotupwa kwenye lundo kama lile, hata iwe na alama adimu namna gani, imekwisha.

Sheria hufanya zaidi ya kuruhusu na kukataza. Ndiyo inayoamua kuna wanunuzi wangapi, na wanunuzi ndio bei. Kule Marekani, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale chini ya sheria ya shirikisho ya 1968, na haibanwi kama silaha za baadaye. Kwa hiyo bunduki mbili zinazofanana kama pacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1900, zinaweza kuuzwa kwa bei tofauti kwa sababu ya tarehe tu. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Siku ile sababu kubwa ya raia kununua bunduki ya .303 ilitoweka, na wanunuzi wakapungua wakabaki wachache sana. Mtu wa Nakuru anayesoma bei za minada ya ng'ambo na kuzigeuza kuwa shilingi anahesabu pesa za soko ambalo yeye hayumo.

Jambo la pili ni wingi. Inakadiriwa kuwa Lee-Enfield za aina zote zilizotengenezwa ni zaidi ya milioni 17. Kwa idadi hiyo, bunduki ya kawaida ya ukoo huu haiwezi kuwa lulu, hata ikiwa imepita Vita Vikuu vyote viwili. Na wingi unaweza kuongezeka ghafla. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua shehena kubwa ya silaha kuukuu kutoka ghala la kifalme la Nepal, zikiwemo maelfu ya Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya miaka ya 1870. Aliyekuwa akiitafuta kwa miaka sasa angeweza kuagiza moja. Ndiyo maana makadirio ya miaka kumi iliyopita hayafai leo bila kuangaliwa upya.

Sasa tuishike yenyewe, au tuseme aishike fundi wa silaha aliyeidhinishwa na kuhakikisha kwamba haina risasi. Kwenye Mark III, tazama upande wa kulia, chini kidogo ya mpini wa bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu na kuufunga), pale ubao wa kitako unapoingia kwenye shingo ya chuma. Hapo pamegongwa maandishi yanayosomwa kutoka juu kwenda chini: taji la mfalme, herufi za jina lake, mara nyingi GR, jina la kiwanda, mwaka, kisha ShtLE (kifupi cha Short Lee-Enfield) na namba ya toleo, III au III yenye nyota. Kiwanda kinaweza kuwa Enfield kwenyewe, BSA ya Birmingham, Lithgow ya Australia au Ishapore ya India. Mark 4 nazo zilitengenezwa Uingereza, Long Branch ya Kanada, na Savage ya Marekani; za Savage ziligongwa US PROPERTY, yaani mali ya Marekani, ingawa zilikuwa za kupelekewa Waingereza. Wakusanyaji huwa na kiwanda chao wanachokipenda na mwaka wanaoukosa, na alama hizi ndizo za kwanza wanazoomba picha zake.

Ile nyota ndogo si pambo. Mark III ya mwanzo ilikuwa na kibati bapa kinachosukumwa juu ya magazini (kisanduku cha risasi), kikiifunga ili askari atie risasi moja moja na kuziweka akiba zile za ndani. Ubavuni kushoto ilikuwa na kilengeo cha ziada cha kupigia mbali sana, kikosi kizima kikifyatua kwa pamoja. Vita vya 1914 vilipopamba moto, viwanda vikaona vitu hivyo vinakula muda, vikaviacha, na toleo lililorahisishwa likapewa nyota. Bunduki ambayo bado ina kibati chake na kilengeo chake cha ubavuni, vyote vya asili, huwavutia wakusanyaji kuliko ile iliyonyang'anywa.

Kisha tafuta nambari. Nambari ya bunduki hugongwa kwenye mwili, mtutu, bolti na mara nyingi kwenye kichwa cha chuma cha mbele na kilengeo cha nyuma. Zikilingana zote, bunduki imekaa pamoja tangu mwanzo. Bolti ikiwa na nambari nyingine, bei hushuka, na pia kuna suala la usalama: bolti ngeni huenda isikae sawasawa nyuma ya ganda la risasi. Lakini tusikimbilie kulaani kila nambari iliyokatwa. Mafundi wa jeshi walikuwa wakifuta nambari ya zamani na kugonga mpya walipofanya matengenezo, na herufi FTR huonyesha bunduki iliyofumuliwa na kutengenezwa upya kiwandani. Hiyo ni sehemu ya maisha yake ya kijeshi, na mnunuzi anayejua anaiheshimu.

Asichokiheshimu ni kazi ya mwenye bunduki mwenyewe. Nyingi zilizobaki mashambani zilikatwa ubao wa mbele ili ziwe nyepesi za kuwindia, zikatiwa kilengeo kingine, wakati mwingine mtutu ukafupishwa. Kwa mwindaji wa mwaka 1955 ilikuwa akili. Kwa soko la vitu vya kale ni hasara kubwa, kwani kupata ubao kamili wa enzi hiyo, pamoja na vyuma vyake, kunaweza kugharimu kuliko nyongeza ya bei utakayopata. Hasara nyingine huletwa na nia njema. Mtu anataka kuiuza, anachukua msasa, anasugua ubao mpaka unang'aa, anapaka vanishi, anapiga chuma rangi nyeusi. Msasa umekula kingo za maandishi na alama za wakaguzi zilizogongwa kwenye mti, vanishi imefunika yale mafuta ya kitani yaliyoingia kwenye ubao kwa miongo. Bunduki imependeza machoni mwa jirani na imepoteza kile ambacho mkusanyaji alikuwa analipia. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu halirekebishiki: kovu la vita hubaki kuwa kovu la vita, ila ubao uliosuguliwa ni ubao tu.

Mtutu nao hutazamwa kwa ndani. Risasi za zamani za .303 ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, na pale kwenye joto la Kisumu karibu na ziwa bunduki isiyosafishwa kwa maji ya moto na mafuta ilioza ndani haraka. Mifereji ya kuzungusha risasi ikiwa bado ina kingo kali na inang'aa, bei huongezeka kwa anayetaka kupiga shabaha. Kwa anayetaka kuitundika ukutani, nje ina uzito zaidi.

Jambo linalotugusa zaidi huku kwetu ni historia iliyothibitishwa. Maelfu ya vijana kutoka Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa waliandikishwa katika KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), wakapigana Uhabeshi na kisha Burma. Bunduki waliyoibeba haikuwa yao. Vita vilipokwisha waliirudisha ghalani na wakarudi nyumbani na medali na cheti cha kuachishwa kazi. Kwa hiyo anayekuja na hadithi kwamba hii ni bunduki ya mzee wake aliyotoka nayo Burma, aulizwe ilitokaje mikononi mwa jeshi. Bunduki za serikali ziligongwa alama ya mshale mpana, na zilipouzwa kwa njia halali mara nyingi ziligongwa mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha. Pasipo alama hiyo wala karatasi ya mauzo, hadithi tamu inaweza kuwa maelezo ya mali ya wizi.

Historia ikithibitishwa, mambo hubadilika. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii wakapigana na KAR. Wakati huo askari wao wengi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi iliyotoa moshi mzito na kumfichua mpigaji. Mauser kama hiyo yenyewe ni kitu kimoja. Mauser hiyo ikiwa na barua ya wakati ule, picha au kumbukumbu ya ofisi inayoonyesha ilichukuliwa Kisii, ni kitu kingine kabisa. Neno la mdomo halitoshi, na udanganyifu upo. Mark 4 za wadunguaji, zilizofungwa darubini na kampuni ya Holland & Holland, huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya Mark 4 ya kawaida, na hivyo kuna wanaotengeneza za bandia. Mjuzi huangalia kama nambari ya darubini imegongwa shingoni mwa ubao wa kitako na inalingana na darubini yenyewe.

Ukishajua una nini, tafuta bei. Hapa watu wengi huangalia bei inayoitishwa, wakati inayohesabika ni bei iliyolipwa. Kila mwenye ploti pale Nakuru anajua: jirani anaweza kuandika milioni tano kwenye kibao na kibao kikaota kutu, lakini ile ploti iliyouzwa juzi kwa milioni mbili na nusu ndiyo inayosema ukweli. Kwa bunduki, tafuta matokeo ya minada, ya aina hiyo hiyo, kiwanda hicho, hali hiyo, katika mwaka mmoja au miwili iliyopita. Chukua kadhaa, ondoa ile iliyouzwa kwa bei ya ajabu kwa sababu matajiri wawili walishindana, na ile iliyouzwa kwa bei ya kutupa.

Kumbuka pia kwamba bei ya nyundo, yaani ile mnada unapofungwa, si pesa za mfukoni mwako. Tuseme nyundo imegonga kwenye pauni 600, dalali anamtoza mnunuzi asilimia 25 juu yake na kukukata wewe asilimia 15. Mnunuzi ametoa 750, wewe umepata 510. Mnunuzi anaposema bunduki hii ni ya 750 na muuzaji anaposema ni ya 510, wote wawili wanasema kweli. Ukimuuzia mfanyabiashara moja kwa moja utapata pungufu zaidi, kwa kuwa naye lazima aishi.

Kitu kimoja cha mwisho kwa mwenye silaha ya zamani zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 huhesabu kama kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kitu cha aina hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Martini-Henry iliyoingia na misafara ya awali inaweza kuangukia hapo, na kufanya mnada wa London usiwe chaguo rahisi. Makumbusho ya Kitale yalianza na mikusanyo ya afisa mmoja wa Kiingereza, Stoneham, aliyeiachia nchi alipofariki 1966. Na fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, zilizochukuliwa alipouawa mwaka 1905, zilirudishwa Nandi mwaka 2006. Kwa maoni yangu, silaha yenye uhusiano uliothibitishwa na vita vya Wanandi au vya Kisii ipelekwe kwanza kwa watu wa makumbusho ya Kitale au Kisumu waione na kuiandika, mwenyewe akiwa na karatasi zake mkononi, kabla dalali yeyote hajatajiwa bei.